Mashine ya alizeti na mkataba wa ukurasa mmoja: niliyojifunza kuhusu sheria ya mikataba

Nilipostaafu ualimu, mimi na mdogo wangu tuliamua kwamba sehemu ya kiinua mgongo changu inunue mashine ndogo ya kukamua alizeti, tuifunge nyumbani, wilayani Iramba, mkoani Singida. Hesabu ilionekana nyepesi. Majirani zetu karibu wote wanalima alizeti, wengi huuza mbegu mara tu baada ya kuvuna kwa bei wanayopangiwa, na wanaotaka mafuta hulazimika kusafirisha magunia hadi mjini. Tungekamua kwa malipo ya kila gunia, na mashudu tungewauzia wafugaji. Yaliyofuata yalitugharimu msimu mzima na fedha ambazo hazikurudi zote, ingawa mwishowe tulipata mashine inayofanya kazi. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na mambo machache ya sheria ya mikataba ambayo mtu yeyote anaweza kuyajua kabla ya kutoa fedha, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Fundi tulimpata kwa kuelekezwa na jamaa. Alikuwa na karakana katika mji mwingine. Sitaitaja, kwa kuwa tulishamalizana naye na sina nia ya kumharibia kazi. Alitutumia kwa WhatsApp picha za mashine pamoja na orodha ya bei, na ile ndogo kabisa iliandikwa shilingi milioni saba na nusu. Nilimjibu kwamba tumeikubali na tutakuja na fedha, nikaona biashara imefungwa. Tulipofika akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hiyo ilikuwa bei ya mwaka jana," akanipa profoma, yaani ankara ya bei inayotolewa kabla ya mauzo, ya milioni nane na laki nne. Mdogo wangu alitaka tuondoke, akisema huyu ni mwongo tangu mwanzo.

Kisheria fundi alikuwa sahihi. Orodha ya bei, tangazo au bidhaa iliyopangwa dukani kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwaliko wa kuja kuzungumza. Pendekezo lenyewe ni lile ambalo mtu analitoa akiwa tayari kufungwa nalo pindi mwenzake atakapolikubali, na kukubali huko kunatakiwa kuwe kamili, bila kuongeza wala kupunguza. Profoma ndiyo iliyokuwa pendekezo. Nami nilipojibu kwamba nakubali ila usafiri hadi kwetu Kiomboi uwe juu yake, sikuwa nimekubali chochote: nilikuwa nimelikataa pendekezo lake na kuweka la kwangu mahali pake. Angekataa kisha akapandisha bei tena, nisingeweza kumrudisha kwenye profoma ile kwa madai kwamba aliitoa kwa maandishi. Kwa bahati alikubali. Bei ikabaki milioni nane na laki nne, usafiri ukiwa ndani yake, malipo ya awali milioni tano, na zilizobaki zilipwe siku ya makabidhiano.

Mkataba tuliuandikia steshenari iliyokuwa jirani na karakana. Kijana wa pale alikuwa na mkataba wa mauziano ya kiwanja ndani ya kompyuta. Akafuta neno "kiwanja" na kuweka "mashine", ila mahali pamoja akasahau kurekebisha yanayoambatana nalo, kwa hiyo mkataba wetu hadi leo una sentensi inayosema kwamba mnunuzi amekagua mipaka ya mashine na kuridhika nayo. Tulicheka, tukasaini, mashahidi wakasaini, na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri kwa ada yake. Ukurasa ulikuwa mmoja. Kiini chake kilikuwa sentensi hii: "Karakana itatengeneza mashine ya kukamua alizeti yenye mota na kuikabidhi kwa mnunuzi ndani ya siku 45 baada ya kupokea malipo ya awali." Chini kabisa kulikuwa na lile tamko ambalo karibu kila mkataba wa mtaani unalo: atakayekiuka atamlipa mwenzake mara mbili.

Hapa inafaa nieleze sheria inataka nini, kwa sababu wengi wetu tunadhani inataka muhuri. Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 na kuchukua nafasi ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ambayo Waingereza walikuwa wakiitumia Tanganyika. Vifungu vingi vilihama pamoja na namba zake. (Zanzibar ina sheria yake yenyewe ya mikataba. Kenya nayo, kwa Sura yake ya 23, inafuata kanuni za Uingereza zilizojengwa na hukumu za mahakama. Majina na namba hutofautiana, lakini msingi ni wa ukoo mmoja.) Kifungu cha 10 kinasema makubaliano huwa mkataba yanapofanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kwa malipo au kitu cha thamani kilicho halali, na kwa lengo halali. Mwenye uwezo ni aliyefikisha umri wa utu uzima, yaani miaka 18, na mwenye akili timamu. Ridhaa huwa si huru inapopatikana kwa kutishwa, kwa kushinikizwa na mtu mwenye mamlaka juu yako, kwa ulaghai, kwa maelezo yasiyo ya kweli au kwa kukosea jambo la msingi. Muhuri wa mtaa haumo katika orodha hiyo. Hata maandishi hayamo, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inayataka, kama vile katika kuhamisha haki ya ardhi. Kwa bidhaa, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka maandishi kuanzia thamani ya shilingi 200, kiwango cha enzi za mbali, lakini hapo hapo inaridhika iwapo mnunuzi ameshapokea sehemu ya bidhaa au ametoa kishika uchumba, yaani fedha ya awali ya kufunga biashara. Mkataba wa mdomo, kwa hiyo, ni mkataba. Taabu yake ni kuuthibitisha.

Jambo nililokuja kuliona kuwa kubwa kuliko yote limo katika kifungu cha 13: watu wawili wanahesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya kitu kilekile kwa maana ileile. Turudi sasa kwenye ile sentensi yetu tuone imebeba nini. Malipo ya awali ya milioni tano niliyatoa kwa mafungu mawili, milioni tatu siku ya kusaini na mbili baadaye, baada ya benki kuniruhusu kutoa zaidi. Mimi nilihesabu siku 45 tangu nilipotoa zile tatu, naye alihesabu tangu alipopokea za mwisho. Na "yenye mota" ni mota gani? Nyumbani kwetu umeme ni wa njia moja (single phase), kama nyumba nyingi za kawaida, ilhali mota nyingi za mashine za aina hiyo zinataka njia tatu. Mkataba haukusema lolote. Tulisaini sentensi moja, kila mmoja akiwa na mashine yake kichwani.

Alizeti huvunwa kwetu kuanzia mwezi Mei, na nilikuwa nimepanga mashine ifike mwishoni mwa Aprili. Mei ikaingia, fundi akawa anasema "wiki ijayo, Mwalimu". Ilipofika Juni alipiga simu mwenyewe akasema chuma kimepanda na hawezi kumalizia hadi niongeze laki sita. Nilikataa, tukavutana, mwishowe nikatuma laki tatu kwa simu kwa sababu tulikwisha kununua magunia ya mbegu yaliyokuwa yamejaa stoo. Siku ile nilijiona mwenye busara. Ukweli ni kwamba sheria haimruhusu mtu kubadili bei kwa sababu kazi imekuwa ghali kuliko alivyotarajia. Kifungu cha 37 kinawataka walioahidiana watekeleze ahadi zao. Kifungu cha 56 humwondolea mtu wajibu pale jambo lenyewe linapokuwa haliwezekani tena au limekuwa kinyume cha sheria, na kupungua kwa faida hakumo humo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers Ltd lililoripotiwa mwaka 2000, ilisema wazi kwamba mahakama huwa nzito kupokea visingizio vya kutotekeleza mkataba pale ambapo hakuna aliyekosa uwezo, hakuna ulaghai wala maelezo ya uongo, na hakuna sera ya umma inayozuia mkataba huo kutekelezwa. Ila nilizituma kwa hiari, bila kuandika hata neno moja kwamba nazituma chini ya pingamizi, na zile laki tatu sikuzidai tena.

Katikati ya Julai fundi alisema mzigo uko njiani. Usiku huo nilimpigia kijana niliyemfundisha darasa la saba ambaye sasa ni wakili, nikitaka tu kujua kama naweza kumdai fundi fidia ya kuchelewa. Aliniuliza, "Mwalimu, umeshasaini kupokea?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi usisaini kabla sijakueleza." Kisha akanifafanulia kifungu cha 55, ambacho sijawahi kumsikia mfanyabiashara yeyote wa kwetu akikitaja. Ikiwa muda ulikuwa jambo la msingi katika mkataba na mwenzako amekawia, una haki ya kuuvunja. Ukichagua badala yake kupokea kazi iliyochelewa, huwezi tena kudai hasara iliyotokana na kuchelewa huko, isipokuwa kama wakati wa kupokea ulimpa taarifa kwamba una nia ya kudai. Yaani kimya chako mlangoni pa lori kinaweza kufuta madai ambayo umekuwa ukiyalalamikia miezi miwili. Na kama muda haukuwa jambo la msingi, mkataba huwezi kuuvunja kwa kuchelewa, lakini fidia unaweza kuidai. Sisi hatukuandika popote kwamba mashine ni kwa ajili ya msimu huo, kwa hiyo swali la kama muda ulikuwa wa msingi lingebishaniwa. Tahadhari ilikuwa kutoa taarifa hata hivyo.

Fuso lilifika jioni. Dereva alikuwa na haraka, hati ya kupokea mzigo aliiweka juu ya boneti, akanionyesha mahali pa kusaini, chini ya maneno yaliyochapwa tayari: "Nimepokea mzigo ukiwa kamili na katika hali nzuri." Mashine ilikuwa imefungwa turubai na kamba, hakuna aliyeiona. Nilikata kwa kalamu maneno "kamili na katika hali nzuri", nikaandika pembeni: "Imepokelewa baada ya muda wa mkataba. Haijajaribiwa. Nitadai hasara ya kuchelewa na kasoro zitakazoonekana." Nikaweka tarehe na saa, mdogo wangu akapiga picha nakala zote mbili. Dereva akanuna akasema bosi hatapenda. Mtu akiwa na pilau jikoni kwa ajili ya wapakuaji na majirani wamejaa uani kushuhudia mashine, ni vigumu kusimama kwenye boneti akibishana kuhusu maneno. Lakini mistari ile mitatu ndiyo iliyotuokoa baadaye kuliko mkataba wenyewe.

Kosa la mkataba nililolilipia pale pale ni malipo ya mwisho. Tuliandika kwamba salio hulipwa "siku ya makabidhiano", na fundi, akiwa ndani ya haki yake, aliagiza mzigo usishushwe kabla hajaiona milioni tatu na laki nne kwenye simu yake. Tungeandika "baada ya majaribio ya kukamua mbele ya pande zote mbili", tungebaki na kitu mkononi. Tulilipa. Kesho yake fundi umeme wa kijijini aliifungua mota, akatazama kibati chake, akasema, "Hii ni ya njia tatu. Hapa haiwaki."

Fundi wa karakana hakukana kwamba mota ni ya njia tatu. Alisema mkataba unasema "mota", na mota ameleta. Hapo ndipo mazungumzo yetu ya WhatsApp yalipopata thamani. Kabla ya kusaini alikuwa ameniuliza umeme wetu ni wa namna gani, mimi sikuelewa swali, nikampigia picha mita ya LUKU na kumtumia, naye akajibu, "Sawa Mwalimu, nimeona." Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inatakiwa ifae kwa matumizi hayo. Nilimweleza kwa picha. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, mahakama ikiangalia jinsi ulivyotunzwa na jinsi mtumaji wake anavyotambulika. Picha na jibu vilikuwepo kwenye simu ya mdogo wangu, kwa kuwa tulikuwa kundi la watu watatu. Kilichopotea ni ujumbe wa sauti ambamo fundi alisema mashine itakamua kilo 150 kwa saa. Simu yangu ya zamani iliharibika nao ukaenda. Maneno ya kusifu biashara, kwamba mashine haina mpinzani, hayamfungi mtu. Kiasi cha kilo kwa saa ni jambo linaloweza kupimwa, na lingekuwa msingi mzuri wa madai ya maelezo yasiyo ya kweli, lau ningeutunza ujumbe ule.

Wakili aliandika barua ya madai kwa shilingi laki moja na nusu. Swali lake la kwanza lilinishangaza: "Karakana ni nani?" Mkataba ulitaja jina la karakana peke yake, na aliyesaini ni msimamizi wake. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, halina nafsi ya kisheria mbali na mwenye nalo, kampuni inayo. Huwezi kudai jina la biashara kama kwamba ni mtu, unamdai mmiliki. Ilibidi tutafute kwanza taarifa za usajili ndipo tukajua barua iandikiwe nani. Laiti jina kamili la mmiliki na namba ya kitambulisho chake vingekuwa kwenye mstari wa kwanza wa mkataba, wiki kadhaa zisingepotea. Jambo la pili lilikuwa ushuru wa stempu. Hati inayostahili kulipiwa ushuru huo isipolipiwa haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi hadi ushuru na adhabu ya kuchelewa vilipwe. Haukuwa mzigo mkubwa kwetu, lakini ungeweza kutukwamisha mbele ya hakimu.

Sehemu iliyoniuma zaidi ni hesabu ya fidia. Nilikwenda kwa wakili na daftari limejaa: gharama ya kubadili mota, milioni moja na laki sita, kukamulisha mbegu zetu kwenye mashine ya mjini pamoja na usafiri, laki sita na nusu, faida ya msimu iliyopotea, milioni nne, na juu ya yote, kwa mujibu wa mkataba, mara mbili ya bei. Alianza na hiyo ya mwisho akaifuta. Kifungu cha 74 kinasema mkataba ukitaja kiasi kitakacholipwa kwa ukiukaji, aliyekiukiwa hupata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kile kiasi ni dari. Kuandika "mara mbili" hakumpi mtu mara mbili, na kuandika kiasi kidogo mno kunaweza kumbana mwenyewe.

Kwa ile faida ya milioni nne alinisimulia kisa cha kinu cha Gloucester, Uingereza. Mhimili wa kinu ulivunjika, wenye kinu wakampa msafirishaji aupeleke Greenwich uwe kielelezo cha kutengenezea mwingine, msafirishaji akachelewa, na kinu kikasimama siku kadhaa zaidi. Katika hukumu ya mwaka 1854, shauri la Hadley dhidi ya Baxendale, mahakama ilikataa kumtwisha msafirishaji faida iliyopotea, kwa kuwa hakuelezwa mazingira ambayo yangemjulisha kwamba akichelewa faida hiyo ingepotea. Kanuni hiyo ndiyo iliyo ndani ya kifungu chetu cha 73: hulipwa hasara inayotokana na ukiukaji kwa mkondo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote zilijua wakati wa kuingia mkataba kwamba ingeweza kutokea, hasara ya mbali hailipwi. Sehemu kubwa ya milioni zangu nne ilitokana na ahadi ya kumpelekea mafuta mwenye duka mmoja wa Singida mjini. Fundi hakuwahi kusikia habari za mwenye duka huyo. Faida ya kawaida ya kukamua angeweza kuitarajia, maana hakuna anayenunua mashine ya aina ile kuwa pambo, lakini sikuwa na kumbukumbu zozote za kuithibitisha. Hasara mahususi lazima itajwe bayana na kuthibitishwa. Mahakama ya Rufani ililisisitiza hilo katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992, na mawakili wanalinukuu hadi leo. Daftari langu lilikuwa la matumaini. Risiti nilizokuwa nazo zilikuwa za ule ukamuaji wa mjini, na zilikuwa na faida mara mbili, kwani sheria huangalia pia kama aliyekiukiwa alifanya alichoweza kupunguza hasara au alikaa tu akiihesabu inavyokua.

Fundi hakuijibu barua. Tukafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30 kwa mali zinazohamishika, kwa Kiswahili, kwa ada ndogo, mahali chanzo cha madai kilipotokea au anapoishi mdaiwa. Kwa kuwa mashine ilikabidhiwa kwetu, tuliweza kufungua nyumbani. Muda wa kudai haki ya mkataba ni miaka sita, kwa hiyo hatukuwa tumechelewa, ingawa nashauri mtu asiutegemee: mashahidi huhama na simu huharibika. Siku nilipokabidhiwa nakala yenye maneno "mdai" na "mdaiwa" sikulala vizuri. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiwa mtu wa kusuluhisha ugomvi wa watoto na wa wazazi wao, na sasa mtaani watu waliulizana kama ni kweli Mwalimu amempeleka mtu mahakamani kwa ajili ya mota.

Samansi ilifanya kazi ambayo simu hazikuifanya. Fundi alikuja akiwa na baba yake mdogo, mzee mwenye heshima, ambaye baada ya salamu aliniambia, "Dada yangu, huyu ni mwanao, mrudi nyumbani mkazungumze." Nilikubali kuzungumza, ila nilimwomba radhi mzee na kusema kwamba tutakachokubaliana tutakirudisha kwa hakimu. Tulikubaliana hivi: fundi ataleta na kufunga mota ya njia moja kwa gharama yake, mashine ijaribiwe mbele yetu sote, na atarudisha laki saba kwa mafungu mawili yenye tarehe. Hakimu aliyaandika makubaliano hayo kuwa amri ya mahakama. Tofauti yake na suluhu ya sebuleni ni kwamba suluhu ya sebuleni ikivunjwa ni mkataba mpya wa kushitakiana upya, ilhali amri hukaziwa, na mali ya aliyeshindwa kulipa inaweza kukamatwa. Fungu la pili lilipochelewa, karani wa mahakama alinipa utaratibu wa kuomba kukazia hukumu; nilimtumia fundi picha ya fomu, akalipa siku hiyo hiyo.

Nikipiga hesabu kwa ukweli: tulipoteza laki tatu za chuma, gharama za wakili, ada, ushuru na nauli, pamoja na kipato cha msimu mmoja. Tungekwenda hadi hukumu pengine tungepata zaidi kidogo, na pengine tungesubiri hadi msimu mwingine upite. Wapo waliosema nililegea. Mimi naona mashine inayokamua mwezi wa Septemba ina thamani kuliko madai mazuri yanayosubiri tarehe.

Mwaka uliofuata tulihitaji chujio la mafuta, na tuliagiza kwa fundi mwingine. Mkataba ulikuwa wa ukurasa mmoja vilevile. Mstari wa kwanza ulikuwa na majina ya watu, namba za vitambulisho na mahali wanapoishi. Tuliandika ukubwa wa chujio, idadi ya sahani zake, na kwamba litafungwa kwenye mashine ya aina fulani tuliyoitaja. Tuliandika tarehe ya kalenda badala ya idadi ya siku, na tukaongeza sentensi moja: "Fundi ameelezwa kwamba chujio linahitajika kabla ya mavuno ya Mei, na kwamba likichelewa mnunuzi atalazimika kuchujisha mafuta mjini kwa gharama." Salio lilikuwa la kulipwa baada ya majaribio. Fundi aliisoma ile sentensi ya gharama mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo nikichelewa ni mimi?" Nikamjibu ndiyo. Akaomba tarehe isogezwe mbele kwa wiki mbili, tukasogeza, akasaini.